Volti Zipo, Hezi Je? Jukboksi Iliyomgeuza Mbaraka Sauti

Mama alisikiliza kama robo ya wimbo, akaweka kikombe chini, akasema, "Huyu si Mbaraka. Huyu mjomba wake Mbaraka."

Tulicheka wote isipokuwa Mzee, kwa sababu Mzee ndiye aliyeisafirisha ile mashine kwa kontena kutoka Marekani mpaka Morogoro. Alikuwa ameshamlipa fundi mara mbili, na wiki hiyo alikuwa anafikiria kuiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa nimekuja kusalimia tu. Lakini ukishasema kwamba unasoma shahada ya uzamili ya fizikia, wazee wa kwetu hawakuachi uondoke na mikono mitupu. "Mwanangu, wewe si unasomea mambo haya ya umeme? Hebu itazame."

Basi nikaitazama. Nakusimulia tulichokikuta kwa sababu kina fizikia nzuri kuliko maswali mengi ya mtihani niliyowahi kufanya. Na kama kuna siku utaletewa redio ya valvu, gramafoni au mashine yoyote ya zamani iliyotoka Marekani, itakusaidia usiiunguze, na usijiunguze wewe.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: jukboksi ni kabati kubwa la muziki lililokuwa likiwekwa baa na mikahawani. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza herufi na namba, ndani mnyororo wa santuri unazunguka, mkono wa chuma unaichomoa santuri uliyoichagua na kuiweka kwenye sahani inayozunguka, sindano inashuka, muziki unapiga. Babu yake wa kwanza anajulikana: tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass aliweka santuri ya kulipia kwa sarafu kwenye baa moja ya San Francisco, na wateja wakasikiliza kwa mirija masikioni kwa sababu amplifaya zilikuwa hazijabuniwa. Baadaye Chicago ikawa ndiyo makao ya biashara hii, na huko ndiko zilikokuwa kampuni kama Seeburg na Rock-Ola. (Wengi wanadhani Rock-Ola ni mchezo wa maneno juu ya rock and roll. Hapana. Mwenye kampuni aliitwa David Rockola. Ni jina la ukoo tu, lilipata bahati.)

Mashine ya Mzee ni ya miaka ya 1960, ya valvu, na inatumia santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zenye tundu kubwa katikati, zile ambazo RCA Victor ilizitoa mwaka 1949. Na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe anapoingia. Nyimbo nyingi za bendi za kwetu za wakati ule zilirekodiwa Nairobi na kutoka kwenye santuri za aina hiyohiyo. Mama alikuwa na chache amezitunza kwenye sanduku la nguo tangu alipokuwa anakwenda dansini kuwaona Morogoro Jazz. Mzee alitaka kumfurahisha. Hilo ndilo lilikuwa lengo zima la kontena.

Usiichomeke kwanza

Kosa la kwanza lilishafanyika kabla sijafika. Mashine ilikuwa haijaguswa na umeme kwa miaka mingi. Ilipofika, Mzee akanunua transfoma ya kushusha volti kutoka 230 za kwetu hadi 110, akaichomeka, akawasha. Kukatokea mlio kama wa nyuki, halafu moshi.

Kilichoungua ni kapasita za elektroliti, yale makopo ya kuchuja umeme kwenye amplifaya. Kapasita ya aina hii ina karatasi mbili za alumini, na kinachozitenganisha ni utando mwembamba sana wa oksidi. Utando huo unatunzwa na umeme wenyewe. Mashine ikikaa miaka bila kuwashwa, utando unachakaa na majimaji ya ndani yanakauka. Siku unaporudisha volti zote kwa mpigo, kapasita haizuii tena mkondo, inaupitisha. Inapata joto, inapasuka, na mara nyingi inaondoka na valvu ya rektifaya, na ukikosa bahati, na transfoma kuu. Kapasita ni bei ya soda. Transfoma kuu ya mashine ya mwaka 1965 hauipati Kariakoo.

Mafundi redio wana dawa ya hili, nayo ni taa ya filamenti. Unaunga balbu ya kizamani ya wati 100 kwenye waya mmoja wa umeme, kabla ya transfoma ya kushusha, ili mkondo wote wa kwenda kwenye mashine upitie humo kwanza. Jaribu amplifaya peke yake, mota na taa za mapambo ukiwa umezitenga. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani kuna shoti na balbu imebeba mzigo badala ya mashine yako. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Tunataka waya unaopanda ukinzani wake kadiri unavyopata joto, na hiyo ni tabia ya filamenti.

Na tafadhali, hapa sina utani: amplifaya ya valvu ina volti 300 na zaidi ndani yake, na kapasita zinazishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe chaji kwa rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha hakikisha kwa multimita. Ile mbinu ya kupiga shoti kwa bisibisi iache. Fremu ya chuma iunge na waya wa ardhi pia, maana nyingi za mashine hizi zilikuja na plagi ya pini mbili.

Fundi aliyeitwa na Mzee alibadilisha kapasita zote, na alifanya kazi safi. Nasema hivi mapema kwa sababu baadaye lawama zote zilimwangukia yeye, na hakustahili.

Grisi, pini na kumbukumbu ya sumaku

Baada ya kapasita mashine iliwaka lakini haikutii. Ukibonyeza C4 inapiga wimbo mwingine. Usipobonyeza kitu, inapiga wimbo uleule tena na tena kama mtoto aliyejifunza shairi moja.

Ukikutana na hali kama hii usikimbilie pasi ya kulehemu. Mashine ya zamani ikileta ukaidi, mtuhumiwa wa kwanza ni grisi. Grisi ya miaka sitini si grisi tena, ni gundi. Kwenye mashine hii kila chaguo lina pini yake ndogo: ukibonyeza, sumaku-umeme inaisukuma pini nje, na mashine inapozunguka inagusana nayo, inajua "simama hapa", kisha inairudisha. Pini moja ilikuwa imenata nje. Kwa hiyo mashine iliamini kuna mteja amelipia wimbo huo, milele. Tulisafisha kwa spiriti na brashi ya mswaki mchana kutwa, pini moja baada ya nyingine, tukaweka mafuta mepesi tone moja moja. Kontakti za shaba tulizifuta kwa karatasi ya kawaida iliyolowa spiriti. Msasa ungeondoa ule mpako mwembamba unaozilinda. Kazi ya kuchosha, haina sifa yoyote, na ndiyo iliyotibu zaidi ya nusu ya matatizo.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mwaka 1955 Seeburg walitoa mashine yenye chaguo 200, modeli V-200, na badala ya pini wakaweka vipete vidogo vya feraiti, kimoja kwa kila chaguo. Ukibonyeza vitufe, pigo fupi la umeme linapita na kugeuza usumaku wa kipete kimoja. Umeme ukikatika, kipete hakisahau. Mkono wa kutafuta santuri unapopita, unatuma pigo jingine kwenye kila kipete. Kile kilichogeuzwa kinarudi hali yake ya awali, na kule kurudi kwenyewe kunazalisha mshtuko mdogo wa umeme unaoiambia mashine isimame. Yaani kusoma ndiko kufuta. Sasa linganisha: kompyuta ya Whirlwind ya MIT ilianza kutumia kumbukumbu ya vipete vya sumaku mwaka 1953, kwa kanuni hiyohiyo ya kusoma kwa kufuta. Miaka miwili tu baadaye, walevi wa Chicago walikuwa wanaandika na kusoma kumbukumbu ya sumaku kwa senti chache. Mimi nikifundishwa historia ya kompyuta sikuambiwa kitu kuhusu baa.

Turudi Morogoro. Mashine sasa inachagua, inachukua, inaweka, sindano inashuka, na kimya. Huu ni mtego mwingine unaofaa kuujua. Jukboksi ina relei ya kunyamazisha, inayofunga njia ya sauti mpaka sindano itue, ili wateja wasisikie makelele ya mitambo. Kontakti yake ikichafuka, sauti inabaki imefungwa, na mtu anabomoa amplifaya nzima iliyo nzima. Njia ya kujua ni kugawa mnyororo katikati: chukua sauti ya simu yako, ipitishe kwenye kapasita ndogo, iingize pale waya wa sindano unapofika kwenye amplifaya. Ukisikia muziki wa simu, amplifaya na spika ni wazima, tafuta nyuma. Usiposikia, tafuta mbele. Kipimo kimoja kimekuondolea nusu ya mashine.

Ilikuwa relei. Tukaifuta, sauti ikatoka. Mzee akaita watu. Chai ikaletwa. Na ndipo Mama akasema lile neno la mjomba.

Mama alikuwa na kipimo

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Santuri imechakaa. Sindano mbovu. Fundi aliyetangulia kaweka kapasita za thamani tofauti, ndiyo maana sauti imekuwa nzito. Hili la mwisho Mzee alilipenda, kwa sababu lilikuwa na mtu wa kulaumu.

Lakini fikiria alichosema Mama. Hakusema sauti inakwaruza, wala haijasikika vizuri. Alisema ni mtu mwingine, mkubwa zaidi. Kapasita mbovu inaweza kupunguza besi, kuongeza mvumo, kupasua sauti. Haiwezi kumshusha mwimbaji ufunguo. Sindano mbovu pia haiwezi. Kwenye santuri kimo cha sauti kinatawaliwa na kitu kimoja tu, kasi ya mzunguko. Mama alicheza wimbo ule miaka ya sabini akiwa binti, na masikio yake yalikuwa yamehifadhi ufunguo wake kwa miaka hamsini. Alikuwa ndiye chombo sahihi kuliko vyote mle chumbani, na sote tulimchekea.

Nikakata kipande cha karatasi, nikakibandika ukingoni mwa sahani inayozunguka, nikawasha saa ya simu. Nikahesabu mara karatasi inapopita mbele yangu kwa dakika moja. Nikapata thelathini na saba na nusu hivi. Nikarudia. Ileile.

Hebu chukua 45, zidisha kwa 50, gawanya kwa 60. Unapata 37.5 kamili.

Umeme wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, unakamilisha mawimbi 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz. Wa Marekani unakamilisha 60. Transfoma ya kushusha inabadilisha volti tu, hezi inazipitisha kama zilivyo. Na mota ya mashine hizi ni ya aina inayofuata hezi: ndani kuna uga wa sumaku unaozunguka kwa mwendo wa umeme wenyewe, na rota inaukimbiza. Mota yenye ncha nne za sumaku inakimbiza mizunguko 1,800 kwa dakika kwenye 60 Hz, na 1,500 kwenye 50 Hz (kiuhalisia pungufu kidogo, maana haiufikii kabisa). Volti unazoweza kuzirekebisha ukachoka, mwendo utabaki palepale.

Matokeo yake kwa msikilizaji: wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36. Sauti zote zinashuka nusu-toni tatu na kidogo. Kama unapiga gita, ni freti tatu: wimbo wa Do unausikia kwenye La ya chini yake. Mbaraka, aliyefariki mwaka 1979 akiwa bado kijana, anakuwa mzee wa miaka sabini aliyeamshwa usingizini.

Bushi ya milimita moja

Tiba yake ilikuwa nafuu kuliko soda tulizokunywa tukiijadili. Kwenye mashine hii shafti ya mota inasukuma gurudumu la mpira, na gurudumu linasukuma ukingo wa sahani. Watu wanadhani ukibadilisha ukubwa wa gurudumu la mpira utabadilisha kasi. Hapana. Gurudumu la kati linapokea mwendo wa ukingo wa shafti na kuupeleka uleule kwenye ukingo wa sahani. Likiwa kubwa linazunguka polepole zaidi lakini kila mzunguko unafunika njia ndefu zaidi, vinafutana. Kinachobaki kwenye hesabu ni kasi ya mota, kipenyo cha shafti na kipenyo cha sahani. Kasi ya mota imepungua kwa uwiano wa 5 kwa 6, basi kipenyo cha shafti kiongezwe kwa uwiano wa 6 kwa 5. Shafti yetu ilikuwa milimita 5.0. Tulihitaji 6.0.

Tulikwenda kwa mkereza vyuma, tukamwomba bushi ya shaba njano, tundu 5.0, nje 6.0. Akatutazama kama tunaomba pete ya ndoa ya sisimizi, akaikereza. Ilipofika nyumbani tukahesabu: mizunguko 45 kwa sekunde 59. Kasi kidogo. Kalipa ikasema 6.1. Tukaipunguza kwa msasa laini mota ikiwa inazunguka, pole pole, tunahesabu, tunapunguza, mpaka sekunde 60. Ukifanya hivi angalia bushi ikae katikati sawasawa, kwa sababu mota inazunguka karibu mara 25 kwa sekunde, na bushi iliyokaa upande inatia mtetemo wa mara 25 kwa sekunde kwenye kila sauti. Mwimbaji anakuwa kama anaimba akiwa juu ya bajaji.

Kulibaki jambo moja ambalo halisikiki, na ndilo la hatari zaidi. Nusu saa baada ya kuwasha, transfoma kuu ya mashine ilikuwa ya moto kiasi cha kutoweza kuweka mkono. Kwenye 50 Hz kila nusu ya wimbi inadumu muda mrefu zaidi, kwa hiyo chuma cha transfoma kinasukumwa kwenye usumaku kwa asilimia 20 zaidi kwa volti zilezile. Chuma kina kikomo. Kikishiba usumaku, mkondo unapanda ghafla na joto linapanda nao. Unaweza kushusha volti hadi 100, uwiano ukarudi karibu na wa kiwandani, lakini sasa nyuzi za kupasha valvu zinapata umeme pungufu na valvu hazipendi. Tulichagua njia ya kati. Tulibaki na 110, tukaondoa taa zote za mapambo kwenye transfoma hiyo (balasti za mirija yake nazo zilikuwa zinaungua kwa sababu ileile ya hezi), tukaweka mirija ya LED inayotumia 230 moja kwa moja. Sasa transfoma ni ya uvuguvugu. Tumekubaliana isipigwe zaidi ya saa mbili mfululizo.

Mimi ningekuwa na hela ningenunua inveta inayotoa 120 V kwa 60 Hz, wimbi safi, na kila kitu kingedhani kiko Chicago. Ukiipata hiyo, bushi usiiweke, la sivyo santuri itakwenda mizunguko 54 na Mbaraka atakuwa mtoto wa shule. Mzee alisema kontena lilimtosha.

Sehemu ya sarafu bado haifanyi kazi. Inataka robo dola, na shilingi zetu zinapita moja kwa moja hadi sakafuni, kwa hiyo tumeunga waya mashine icheze bure. Fundi wa mwanzo aliitwa, akaombwa radhi, akaonyeshwa bushi, akataka kujua mkereza ni nani.

Mama alisikiliza wimbo wote safari hii, kikombe mkononi. Ulipokwisha hakusema lolote kuhusu sauti. Alisema, "Geuza upande wa pili."